Mfanyakazi Anapozama Kwenye Beti: Mwongozo wa Hatua kwa Mwenye Biashara

Waajiri wengi wa hapa Kisumu hutafuta ushauri siku ambayo pesa zimekwisha kupotea. Keshia hajaonekana tangu Jumamosi, simu yake imezimwa, na mwenye duka anataka kujua mambo mawili tu: kama anaweza kumfukuza leo, na kama anaweza kuushika mshahara wake. Majibu yapo, nami nitayafikia. Ila kesi ya namna hii hujijenga kwa miezi, tena mbele ya macho ya mwajiri mwenyewe, kwa hiyo nitaanzia nyuma kidogo.

Nimemwandikia mwenye biashara ya watu watano hadi hamsini hivi: duka la jumla pale Kibuye, hadiwea ya Kondele, kituo cha mafuta, wakala wa M-Pesa mwenye vibanda vitatu, mwenye malori Nakuru. Kampuni kubwa zina mawakili wao.

Hatua ya 1: Jua lililo lako na lisilo lako

Mtu mzima aliyetimiza miaka 18 akibeti na kampuni yenye leseni hajavunja sheria yoyote ya Kenya. Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, inaisimamia biashara hiyo, haikuiharamisha. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumpangia mfanyakazi namna ya kutumia mshahara wake. Ukimwachisha mtu kazi kwa sababu ulimkuta Jumapili akiweka mkeka wa beti akiwa kwenye baraza la nyumba yake, hapo mwenye makosa ni wewe.

Yaliyo yako ni matatu. La kwanza ni muda wa kazi: saa unazozilipia. La pili ni pesa na mali ya biashara. La tatu ni afya ya mfanyakazi, pale inapogusa kazi. Kila moja lina dawa yake, na vurugu nyingi hutokea mwajiri anapozichanganya. Utamkuta anatoa mahubiri kuhusu dhambi ya kamari mahali alipopaswa kuhesabu droo. Mwingine anakimbilia polisi kwa sababu kijana amechungulia matokeo ya Gor Mahia akiwa kaunta. Wapo pia wanaomwonea huruma mtu aliyekwisha kula floti ya watu (salio la laini ya wakala la kuhudumia wateja), wakamwacha palepale kwenye floti.

Hatua ya 2: Andika kanuni fupi

Hii si kazi ya kurasa kumi. Aya moja inatosha, mradi kila mtu aisome, aielewe na kuitia sahihi. Unaweza kuanza na hii:

"Wakati wa zamu, hakuna kuweka beti, kucheza mchezo wowote wa pesa wala kufuatilia matokeo kwenye simu. Wakati wa mapumziko simu ni yako, lakini michezo ya pesa kati ya wafanyakazi hairuhusiwi ndani ya eneo la kazi. Pesa, floti, laini za simu na kompyuta za biashara hazitumiki kwa beti kwa namna yoyote, hata kwa dakika moja, hata kama zitarudishwa. Msimamizi hatamkopesha wala kumkopa mfanyakazi aliye chini yake. Mfanyakazi anayeona kamari inamshinda anaweza kumwambia meneja, na hataadhibiwa kwa kusema."

Maneno "hata kama zitarudishwa" usiyatoe. Karibu kila anayekamatwa husema alikuwa ameazima tu, na wengi huwa wanasema kweli: walikuwa na nia kamili ya kurudisha jioni. Bila maneno hayo utajikuta mnabishana kuhusu nia yake, na nia ya mtu haihesabiki kama noti.

Kuhusu mikopo ya wasimamizi, wengi hushangaa inafanya nini humo. Iko hivi: pale kwenye beti nyingi kazini, hapakosi mtu anayekopesha kwa riba. Mara nyingi ni msimamizi wa zamu, kwa sababu yeye ndiye mwenye hela kidogo na ndiye anayejua mshahara unaingia lini. Siku ya malipo anasimama mlangoni. Msimamizi kama huyo hawezi kuripoti upungufu wa mtu anayemdai elfu sita. Akimripoti, pesa zake zimekwenda naye.

Vipi mchezo wa mzaha, kila mtu atoe shilingi mia kutabiri mshindi wa Kombe la Dunia? Mimi ningekataza chochote chenye pesa, kwa kuwa msimamizi aliyetia mia yake Jumatatu hatakuwa na uso wa kukemea Alhamisi. Wakitaka kushindania soda, waacheni wanywe soda.

Sheria ya Ajira inamtaka mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aeleze kanuni za nidhamu katika maelezo ya mkataba. Hata kama una wanane, fanya hivyo, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa kesi ikifika mahakamani ni kanuni gani alivunja na alijuaje.

Ukiwa hapo, toa faili za makeshia na wahudumu wote wanaoshika pesa. Kifungu cha 19 cha sheria hiyo kinaruhusu kukata mshahara kufidia upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu, lakini kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Mikataba mingi ninayoiona imeandika "kazi za duka kwa jumla". Kwa maneno hayo, mtu anaweza kukupotezea laki moja nawe ukakosa pa kushika. Rekebisheni mkiwa mnaelewana bado.

Hatua ya 3: Funga mianya ya pesa

Hapa ndipo ningekuomba uweke nguvu zako nyingi. Mcheza kamari aliyezidiwa hatafuti pesa za kuiba. Anatafuta pesa za kuazima hadi saa moja jioni. Pesa zisizohesabiwa hadi mwisho wa mwezi ndizo zinazomfaa.

Dukani, zamu ikiisha, droo ihesabiwe na watu wawili kabla ya keshia kuambiwa mashine inasema mauzo ni kiasi gani. Akishajua jumla anayotakiwa kufikisha, hesabu yake itafika tu. Aandike alichokikuta, kisha ndipo mlinganishe. Upungufu na ziada vyote viandikwe kwenye daftari moja. Ziada ya mara kwa mara nayo ni dalili, maana yawezekana mtu anajaza shimo la siku iliyopita na amekosea kipimo.

Hesabu za ghafla zifanyike saa zisizotarajiwa. Jumamosi saa tisa alasiri ni wakati mzuri, kwa sababu nitakazozieleza.

Malipo ya simu yapitie tili ya biashara peke yake, na namba iandikwe kwa herufi kubwa mahali mteja anapoiona. Kwenye vituo vya mafuta kuna maneno unayopaswa kuyasikiliza: "Tili ina shida kidogo, tuma tu kwa namba yangu." Weka kibao kinachosema kwamba risiti ya namba ya mtu binafsi haitambuliwi. Soma mita ya pampu mwanzo na mwisho wa kila zamu, na usimkubali mhudumu asome mita yake mwenyewe.

Mwenye vibanda vya M-Pesa ana hatari ya pekee, maana mhudumu wake ameshika pesa zilizo tayari kuingia kwenye beti. Anachofanya ni rahisi: asubuhi anaweka floti kwenye laini yake bila kutia noti yoyote kwenye droo, anacheza, akishinda anarudisha, akikosa anaweka tena. Dawa ni kanuni moja ya jioni: floti jumlisha taslimu iwe sawa na mtaji uliomkabidhi, kila siku, bila "nitakuletea kesho". Pitia taarifa ya floti mara moja kwa wiki ukitafuta namba zinazojirudia, hasa zile zinazowekewa kiasi kilekile mapema asubuhi.

Kisha kuna likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na waajiri wengi humsifu keshia asiyeziomba. Mimi nikisikia keshia hajawahi kwenda likizo kwa miaka miwili, naomba daftari. Ujanja wa kuziba shimo la jana kwa mauzo ya leo unahitaji mwenyewe awepo kila siku. Akiondoka wiki mbili, mwingine akashika droo, shimo linaonekana lenyewe. Mlazimishe aende. Akiwa msafi atakuwa amepumzika, na hiyo ni haki yake.

Kuzuia tovuti za beti kwenye waifai ya ofisi hakudhuru, ila usitegemee mengi. Kila mtu ana bando lake.

Hatua ya 4: Tazama dalili, uandike unachokiona

Kuna beti zinazofuata ratiba ya mpira, na kuna zisizofuata ratiba yoyote. Zinazofuata mpira unaweza kuzikisia kwa kalenda. Ligi Kuu ya Uingereza huanza Jumamosi alasiri kwa saa zetu na kuendelea hadi usiku, ndiyo maana nilisema uhesabu saa tisa. Mechi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku Jumanne na Jumatano, kwa hiyo asubuhi za Jumatano na Alhamisi utaona macho mekundu. Kombe la Dunia linapochezwa Amerika, mechi nyingi huangukia kati ya usiku na alfajiri. Na AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 itachezwa hapa kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, wakati watu wako kazini au wako uwanjani. Panga zamu ukijua hayo, maana dereva asiyelala akiwa na lori la tani kumi kwenye mteremko wa Mau ni jambo kubwa kuliko beti yenyewe.

Zisizofuata ratiba ni zile za kindege kama Aviator: namba inapanda, unatakiwa kutoa pesa zako kabla ndege haijapotea, na raundi huisha kwa sekunde. Mkeka wa mpira humpa mtu muda wa kupoa. Kindege hakimpi. Mtu anaweza kumaliza mshahara chooni, katika dakika anazoomba kwenda haja. Ukiona mfanyakazi ambaye safari zake za choo zimeongezeka tangu mshahara uingie, na anarudi na uso tofauti na aliokwenda nao, hilo liandike. Huenda ni tumbo, ndiyo. Andika tarehe na saa, usiandike hukumu.

Dalili ninayoiamini kuliko zote iko kwenye daftari lako mwenyewe: maombi ya advansi, yaani mshahara unaoombwa kabla ya siku yake. Kwanza yanakuja tarehe 20, halafu 15, halafu siku tano baada ya mshahara. Sababu zinabadilika, kiasi kinakua. Matanga hutajwa sana, na hapa kwetu hilo lahitaji akili. Jamaa wa Magharibi na Nyanza huzika watu wengi, na mtu anaweza kweli kuwa na nyanya wanne, ukihesabu wake wa babu na dada zao. Lakini nyanya yuleyule wa Ugunja akizikwa mara ya pili, uliza.

Dalili nyingine ni simu za programu za mikopo zinazompigia mwajiri kumtangazia deni la mfanyakazi. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kwa watoa mikopo ya kidijitali zinawakataza kusumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa. Mjibu kwa adabu kwamba hilo ni la mteja wake, ukate. Usimwadhibu mfanyakazi kwa simu aliyopiga mtu mwingine. Kumbuka tu kwamba ilipigwa.

Usimwambie akuonyeshe taarifa yake ya M-Pesa. Hiyo ni data yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Unachotaka kujua kuhusu pesa zako kipo kwenye rekodi zako.

Hatua ya 5: Zungumza naye kabla hujamwandikia barua

Kama hakuna pesa zilizopotea, anza na mazungumzo. Chagua siku isiyo ya mechi wala ya mshahara, mahali pa faragha, na usimwite mbele ya wenzake. Anza na kazi, maana kazi ndiyo inayokuhusu.

Tuseme mwenye duka ni mama na kijana anaitwa Ouma.

"Ouma, kaa tafadhali. Mwezi huu umechelewa mara nne, zote Jumatano na Alhamisi. Wiki iliyopita ulipakia mifuko ishirini ya saruji kwa mteja aliyelipia kumi na sita. Na umeomba advansi mara tatu. Nimekuita nikuulize, kuna nini?"

"Hakuna kitu, madam. Ni uchovu tu."

"Sawa. Sikulazimishi kuniambia ya nyumbani. Lakini mambo haya matatu lazima yabadilike, na kama kuna kitu kinakusumbua, iwe ni ugonjwa, deni au beti, afadhali nikisikie kwako kuliko nikione kwenye droo."

Kisha nyamaza. Wengi hawasemi siku hiyo. Wanasema wiki inayofuata, wakati wa kufunga duka. Usimtumie mchungaji wake wala usimpigie mke wake. Mwisho wa mazungumzo andika mlichokubaliana, tarehe ya kukutana tena, na nyote mtie sahihi.

Hatua ya 6: Acha kuwa benki yake

Mwajiri mwema ndiye hukosea hapa. Advansi kwa mtu anayefukuzia hasara ni pesa za kuendelea kufukuzia. Anaamini kwa dhati kwamba mkeka mmoja tu utarudisha zote, na advansi yako ndiyo mkeka huo.

Weka utaratibu unaowahusu wote: advansi mara moja kwa mwezi, isizidi theluthi ya mshahara, kwa maandishi. Kwa dharura ya kweli lipa moja kwa moja, hospitali kwa tili ya hospitali, karo kwa akaunti ya shule, ila mfanyakazi aombe hivyo kwa sahihi yake. Ujue pia kwamba ukikopesha zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja, au miezi miwili kwa mwenye mkataba wa maandishi, ile ziada huwezi kuidai mahakamani.

Makato nayo yana kikomo: yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Mwenye 24,000 makato yake yaishie 16,000. Humo mna tayari SHIF, mchango wa bima ya afya, ya asilimia 2.75 (660), ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 (360) na NSSF, akiba ya uzeeni, ya asilimia 6 (1,440), jumla 2,460. Nafasi iliyobaki kwa sacco, advansi na fidia ni 13,540, na yeye lazima aondoke na 8,000 mkononi. Ukimpa sifuri kwa sababu "alishakula zote", umevunja sheria, na umemrudisha kaunta mtu asiye na nauli.

Siku moja atakuja mke wake, pengine na mtoto mgongoni, akuombe mshahara umpe yeye. Utataka kukubali. Sheria inasema mshahara ni wa mfanyakazi mwenyewe, na mwingine hawezi kuupokea bila idhini yake ya maandishi. Mkaribishe mama huyo chai, mwambie ukweli huo, kisha ongea na mume. Mfanyakazi akiomba mwenyewe kwa maandishi kwamba sehemu ya mshahara iende sacco kabla haijamfikia, hilo sheria inaliruhusu mradi wewe huna faida ndani yake, na linasaidia sana. Anaweza pia kujiondoa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, akishalipa deni lake, na kuziomba kampuni za beti zimfungie akaunti.

Hatua ya 7: Akikubali kwamba imemshinda

Shirika la Afya Duniani linaitambua kamari iliyomzidi mtu kama tatizo la afya katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, inayotumika tangu 2022. Kwa hiyo kumwambia "acha tu" ni sawa na kutomwambia kitu. Mpe ruhusa ya kwenda kliniki ya afya ya akili: Kisumu ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile iitwayo Russia, na walio upande wa Eldoret wana Hospitali ya Rufaa ya Moi. Kama pombe nayo imo, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kwa namba 1192. Ushauri nasaha unaolenga fikra na mazoea, unaofanyika kwa wiki kadhaa, ndio uliothibitika kusaidia.

Mwondoe kwenye pesa wakati huo. Ghala, upakiaji, uhasibu wa stoo usio na taslimu, chochote kisicho na droo. Mshahara uleule. Mwelezeni wote wawili, wewe na msimamizi wake, kwamba ni kwa muda na si adhabu, na mengine yabaki faili. Ripoti ya daktari haizunguki ofisini.

Halafu kuna jambo moja lisilongoja mazungumzo ya pili. Mtu mwenye madeni ya kamari aliyekwisha kufichuliwa yumo hatarini kujidhuru. Akisema maneno ya kukata tamaa, au akianza kugawa vitu vyake, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na simu ya Msalaba Mwekundu ya 1199 haitozwi. Droo itasubiri.

Hatua ya 8: Nidhamu, kwa makosa ya muda

Kuchelewa, kulala kazini, simu kaunta baada ya kuonywa: hayo yaende kwa ngazi za kawaida. Onyo la mdomo lililoandikwa faili, onyo la kwanza la maandishi, la mwisho, kisha kusikizwa. Taja kosa la kazi katika barua. "Ulikuwa kwenye simu dakika 25 wateja wakiwa foleni tarehe 6" ni kosa. "Wewe ni mcheza kamari" ni tusi, na litasomwa kwa sauti na wakili wake. Siku alizokosa kazi bila ruhusa unaweza kukata, mshahara wa siku moja kwa kila siku moja, si zaidi.

Hatua ya 9: Pesa zikipotea

Usipige kelele, usimfungie stoo, na usimwandikishe kukiri huku mlinzi amesimama mlangoni. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Hesabu mbele ya mashahidi, yeye akiwepo kama yupo. Chukua nakala za risiti, taarifa ya tili, daftari la zamu na picha za kamera kabla hazijafutika. Msimamishe kazi kwa barua wakati uchunguzi unaendelea, na kama mkataba hausemi vinginevyo, mlipe. Kusimamishwa si hukumu.

Mpe barua ya kumtaka ajieleze, yenye tarehe, kiasi na kanuni aliyovunja, na muda wa kutosha wa kujibu. Kisha mwite asikizwe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na uwasikilize wote wawili. Kama Kiswahili chake ni cha kubabaisha na Dholuo ndiyo lugha yake, tafuta wa kufasiri. Sharti hili lipo hata pale kosa ni zito la kufukuzwa papo hapo chini ya kifungu cha 44, ambacho kinataja mtu anayeshukiwa kwa sababu za msingi kutenda jinai dhidi ya mwajiri au mali yake. Waajiri husoma "papo hapo" wakadhani maana yake ni bila kusikizwa.

Gharama ya kuruka hatua hii ihesabu hivi. Amekula 40,000. Mshahara wake ni 24,000. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliyo na kituo Kisumu na kingine Nakuru, ikiona hukumsikiliza inaweza kukuamuru umlipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, yaani 288,000. Na pesa alizokula zimebaki palepale.

Ukiamua kumwachisha, andika uamuzi na sababu, na mpe nafasi ya kukata rufaa kwa mtu mwingine kama yupo. Mlipe siku alizofanya kazi na likizo aliyodai, ukitoa makato yanayoruhusiwa tu. Huwezi kuushika wote.

Polisi ni njia tofauti. Wizi wa mtumishi uko kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu na adhabu yake inafika miaka saba. Una haki ya kuripoti. Usitumie ripoti hiyo kama kisu cha kudai ulipwe na ndugu zake. Wakija wenyewe na mzee wa ukoo kutafuta maelewano, andikeni kwa sahihi na mashahidi, nawe uamue kwa utulivu. Na picha yake usiitume kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyabiashara ukiandika "mwizi". Mahakama haijasema hivyo, na sheria ya data itamsikiliza yeye kabla yako.

Hatua ya 10: Waliobaki

Wenzake walijua. Karibu kila mara walijua. Wengine walimkopesha, mmoja alikuwa akimfunikia zamu. Usigeuze mkutano wa asubuhi kuwa mahakama. Waeleze kwa ufupi kwamba pesa zilipotea, utaratibu umefuatwa, na kuanzia leo hesabu inafanywa hivi. Kisha fanya hivyo, hata kwa yule keshia uliyekaa naye miaka kumi mnayeitana dada.

Cheti cha utumishi mpe, sheria inakulazimisha hata kama mmeachana vibaya: kinataja jina, kazi aliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Akipiga simu mwajiri mwingine kutoka Busia au Kitale kuuliza habari zake, jibu kwa yale yaliyo kwenye faili na yaliyothibitishwa. Akikuuliza kama anabeti, mwambie aulize wafanyakazi wake alionao sasa nani hushika droo Jumamosi.